Watu Sita

Pale Nyawera, ukutani kwa muuza vocha,
kumebandikwa karatasi mbili.
Moja kubwa, ya rangi, ina picha ya basi:
Boma la Mwami kwa nusu siku,
watu hamsini, kipaza sauti, soda ya bure.
Ya pili imeandikwa kwa mkono,
wino wa bluu umelia na mvua:
Cibalonza anapeleka watu sita.
Asiyetaka kutembea asije.

Dola tano. Dola kumi na mbili.
Nikasimama kama mtu anayechagua dawa bila daktari.
Kijana wa pikipiki akaniuliza
nateremka Kadutu au naota?
Dola saba si mchezo, ni bakuli la sambaza
na unga wa siku nne, na chumvi yake.

Nikampigia. Kwa nini sita, mama?
Mlango wa jiko la zamani ni mfupi, akasema,
mtu huingia ameinama, mmoja mmoja.
Ukileta hamsini, wa kwanza ameshaumwa mgongo
na wa mwisho bado ananunua karanga langoni.
Tena mzee wa funguo hasikii vizuri,
na hapendi kupigiwa kelele.
Akanyamaza. Nikasikia kuku ndani ya simu.
Haya, nisikudanganye. Gari langu lina viti sita.

Nikacheka, na kicheko ndicho kilicholipa.

Sikumwambia habari za bibi yangu Nankafu,
aliyebeba maji mpaka boma lile
miaka kumi na mmoja, kwa njia ya nyuma.
Lango la mbele hakulipita hata siku moja.
Alilijua jumba lile
kama mtu anavyokijua chungu kwa masizi yake.

Jumamosi: muuguzi wa Panzi na mwavuli wake,
wanafunzi wawili wenye daftari moja,
mwalimu wa Uvira aliyekohoa njia nzima,
bwana mmoja kimya, viatu vyake vya harusi,
na mimi.
Kwenye kona ya tatu basi la hamsini likatupita,
wanaimba, wanapunga soda madirishani,
likatumwagia tope kioo kizima.
Siwezi kukana: niliwaonea wivu.

Tulipofika, mbele kumejaa.
Kipaza sauti kinahesabu wafalme,
huyu alizaa huyu, huyu akamrithi yule.
Twende nyuma, akasema Cibalonza,
huko hakuna cha kupiga picha.

Kweli hakukuwa na kitu.
Ua, majani, bomba lililokatika,
na jiwe moja pana kando ya mlango mfupi,
lina shimo katikati, laini kama kiganja.
Muuguzi akatia ngumi, ikaenea.
Nani alilichonga?
Halikuchongwa, akasema Cibalonza.
Ni mitungi. Wanawake wa maji waliitua hapa
wakisubiri kuitwa.
Mwanafunzi akafungua daftari: majina yao?
Hayakuandikwa.

Sijui mdomo wangu ulifunguliwa na nani.
Mmoja aliitwa Nankafu, nikasema.

Bwana wa viatu vya harusi akavua kofia.
Mzee wa funguo akaweka mkono sikioni:
nani?
Nankafu!
Na ng'ambo ya ukuta, saa ileile,
kipaza sauti kikataja mfalme fulani,
majina mawili yakagongana juu ya ua
na kuku wa mzee wakatawanyika.
Mwanafunzi, kalamu hewani, akauliza:
linaandikwaje?
Nikamtajia herufi, moja moja, polepole,
kama mtu anayehesabiwa chenji.

Kisha mvua ikashuka, ile ya Bukavu isiyobisha hodi.
Tukakimbilia gari, viatu vya harusi mbele.
Chumba cha kiti cha mfalme sikukiona.
Watu wa basi wanasema kina zulia jekundu.